Kurudisha Misuli ya Nyuma ya Paja Iliyochanika: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Kwanza Hadi Mbio za Kasi

Malalamiko kuhusu misuli ya nyuma ya paja, ile ambayo watangazaji wa mpira huiita nyama za paja, karibu yote yana sura moja. Mtu alihisi kitu kimemchoma ghafla nyuma ya paja akiwa mbioni, akapumzika wiki mbili au tatu, maumivu yakaisha, akarudi uwanjani, na mara ya kwanza alipochomoka kwa kasi msuli ukachanika tena, pengine vibaya kuliko mwanzo. Mtu huyo hakuwa mzembe. Alipumzika, alichuliwa, alinyoosha, kama alivyoambiwa. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoufundisha msuli kazi ile iliyouchana.

Kazi hiyo ni kuvuta kwa nguvu huku ukirefushwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko, na ndiyo maana hazihesabu siku bali zinasubiri matokeo: usipopata ishara ya mafanikio iliyoandikwa mwishoni mwa hatua, unabaki kwenye hatua hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Stuli au kiti kigumu kisicho na mto.
- Mkeka au godoro jembamba, pamoja na taulo la kuweka chini ya magoti.
- Bendeji pana inayovutika.
- Barafu na kitambaa cha kuifungia.
- Futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye programu ya kupima mwinamo, ile mafundi wanayoitumia badala ya pima maji.
- Soksi na sakafu yenye utelezi wa wastani.
- Mtu mmoja mwenye subira wa kukushika vifundo vya miguu.
- Sehemu tambarare ya kukimbia yenye urefu wa mita 80 au zaidi.
- Daftari. Bila kuandika utajidanganya, maana maumivu ya juzi husahaulika upesi.

## Nani asianze bila kuonwa na daktari

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye mchaniko mdogo au wa kati. Nenda hospitali kwanza ikiwa ulisikia mlio kama wa kamba inayokatika na huwezi kukanyaga, ikiwa unapopapasa unakuta shimo ndani ya nyama, au ikiwa paja limevilia damu kwa eneo kubwa na maumivu yako juu kabisa chini ya tako. Dalili hizo zinaweza kumaanisha kwamba kano imeng'oka kwenye mfupa, na jeraha la namna hiyo wakati mwingine huhitaji upasuaji, ambao huwa mgumu zaidi ukicheleweshwa.

Kijana ambaye bado anakua anahitaji uangalifu wa pekee. Kwake kano mara nyingi huwa imara kuliko sehemu ya mfupa inayoishikilia, hivyo kinachoachia ni kipande cha mfupa wenyewe. Maumivu ya ghafla chini ya tako kwa mkimbiaji wa miaka 15 yanastahili picha ya eksirei kabla ya zoezi lolote.

Ikiwa maumivu yalianza polepole bila tukio lolote, yanatoka mgongoni na kushuka hadi chini ya goti, au yanaambatana na ganzi, huenda msuli hauna kosa na neva ndiyo inayobanwa. Na mguu ukivimba kwenye shavu la mguu chini ya goti, ukawa wa moto na unauma bila sababu, usiuchue. Wahi hospitali, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda mshipani.

## Hatua ya 1: Siku tatu hadi tano za mwanzo

Nyuzi za msuli zimekatika na damu inavujia ndani ya nyama. Kazi yako ni kuzuia uvujaji usizidi, basi. Funga bendeji kuanzia juu kidogo ya goti kupanda kuelekea kwenye kinena, kwa mkazo usiosababisha ganzi wala kubadilisha rangi ya vidole, na uivue unapolala. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Barafu hupunguza maumivu, lakini usiitegemee iharakishe kupona.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa upendo: mama anachemsha maji, mjomba analeta dawa ya kuchua, na kila mmoja anataka kukukanda. Kataa kwa adabu. Joto na kuchuliwa kwa nguvu katika siku hizi huongeza uvujaji wa damu, na pombe nayo haifai kwa sababu hiyo hiyo. Usinyooshe msuli vilevile, kwa sababu unavutanisha kingo mbili za kidonda ambacho bado hakijashikana. Kuhusu vidonge, muulize mfamasia, na usimeze chochote ili upate kucheza. Dawa huzima kengele huku mchaniko ukibaki pale pale.

Tembea, ila kwa hatua fupi. Ukilazimika kuchechemea, tumia gongo.

Ishara ya mafanikio: unatembea mahali tambarare bila kuchechemea na unaketi kwenye stuli bila maumivu makali.

## Hatua ya 2: Itafute misuli kwa mkono wako

Siku hizo za kukaa zitumie kuusoma mguu usioumia. Msomaji anayeruka hatua hii ndiye atakayefanya mazoezi ya baadaye kwa kubahatisha.

Keti kwenye stuli ngumu, ingiza kiganja chini ya tako, kisha inama mbele kidogo. Utagusa kifundo kigumu cha mfupa, ule mfupa wa kukalia. Kano za misuli mitatu zimejishikiza hapo, kisha misuli yenyewe inashuka nyuma ya paja na kupita goti.

Sasa kunja goti kwa pembe ya mraba na sukuma kisigino chako nyuma dhidi ya mguu wa stuli. Papasa nyuma ya goti, upande wa nje kwanza. Utakuta kano moja nene inayoelekea kwenye kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti kwa nje. Hicho ni kichwa cha fibula. Hii ni kano ya bisepsi femorisi, msuli wenye vichwa viwili: kichwa kirefu kinatoka kwenye mfupa wa kukalia, na kichwa kifupi kinaanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe. Usiminye kwa nguvu hapo, kwa kuwa neva inapita ubavuni mwa kano hiyo na kuizunguka fibula. Ukiigusa vibaya utahisi vijisindano hadi juu ya wayo.

Hamia upande wa ndani. Kano nyembamba inayochomoza kama uzi wa gitaa ni ya semitendinosasi, ambayo inajishikiza mbele ya mfupa wa muundi upande wa ndani. Chini yake, kwa kina, kuna kitu kipana zaidi kisichochomoza vizuri: hiyo ni semimembranosasi, iliyopata jina lake kutokana na kano yake bapa kama utando. Bonde lililo katikati ya pande hizi mbili liache. Lina mshipa mkubwa wa damu na neva, na hakuna faida yoyote ya kuyachokoza.

Goti likiwa bado limekunjwa, geuza ncha ya wayo ndani, kisha nje. Utahisi kano za ndani zikikaza kwanza, kisha ile ya nje. Kwa hiyo misuli hii hufanya mambo matatu: inavuta paja nyuma kwenye nyonga, inakunja goti, na goti likiwa limekunjwa inauzungusha muundi.

Faida ya kuijua ramani hii utaiona utakapoligusa jeraha. Anayeumia akikimbia kwa kasi, mara nyingi anakuwa amechana kichwa kirefu cha bisepsi, upande wa nje. Anayeumia kwa kupiga teke la juu au kupasua miguu katika ngoma na mazoezi ya viungo, mara nyingi ameumiza kano ya semimembranosasi karibu na tako. Jeraha hili la pili huonekana dogo siku ya kwanza na hukawia sana kupona. Kadiri sehemu inayouma ilivyo karibu na mfupa wa kukalia, ndivyo unavyopaswa kujiandaa kwa safari ndefu.

Ishara ya mafanikio: unaweza kuionyesha kano ya nje na ya ndani ukiwa umefumba macho.

## Hatua ya 3: Ielewe misuli yenye ncha mbili

Ukitoa kichwa kifupi cha bisepsi, misuli hii yote inavuka viungo viwili, nyonga na goti, na ugumu wake wote unatokana na jambo hilo. Lithibitishe kwa mguu usioumia.

Jaribio la kwanza: lala kifudifudi na uvute kisigino kuelekea kwenye tako kwa nguvu zako zote. Karibu na mwisho utahisi msuli unaishiwa nguvu, pengine hata kukakamaa. Umeufupisha kwa ncha zote mbili, na msuli uliofupishwa kupita kiasi hauna tena mahali pa kuvutia.

Jaribio la pili: keti pembeni mwa stuli, mgongo umenyooka, kisha unyooshe goti huku ukiinamisha kiuno mbele. Msuli sasa umevutwa kwa ncha zote mbili, na utaukuta umekaza kama waya.

Mkimbiaji wa kasi hujikuta katika hali ya jaribio la pili kila hatua. Paja limetangulia mbele, muundi unarushwa kunyooka, na kabla tu ya wayo kugusa ardhi misuli ya nyuma ya paja hulazimika kufunga breki, ikivuta kwa nguvu huku yenyewe ikirefuka. Bisepsi hurefushwa kuliko wenzake. Hivyo ndivyo inavyochanika, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kutembea, kupanda ngazi na hata kufanya mchakamchaka bila maumivu huku msuli ukiwa haujapona kwa ajili ya mbio.

## Hatua ya 4: Pima na uandike

Fanya vipimo vitatu, mguu usioumia ukitangulia.

Kwanza, bonyeza polepole kwa vidole viwili kuanzia mfupa wa kukalia kushuka. Andika sentimita ngapi kutoka mfupani maumivu yanaanzia na eneo lake lina urefu gani. Eneo hilo linapaswa kupungua wiki hadi wiki.

Pili, lala chali, shika paja kwa mikono miwili likiwa wima, kisha nyoosha goti taratibu na usimame mara unapohisi mvuto mkali. Mtu akuwekee simu juu ya muundi na asome pembe. Usilazimishe hata nyuzi moja.

Tatu, lala kifudifudi, kunja goti kidogo na usukume kisigino juu dhidi ya mkono wa mwenzako. Yape maumivu alama kati ya 0 na 10.

Rudia mara mbili kwa wiki, saa ile ile ya siku. Asubuhi misuli huwa migumu, na ukilinganisha vipimo vya asubuhi na vya jioni utapata faraja ya uongo.

## Hatua ya 5: Uamshe msuli

Baada ya jeraha ubongo huubana msuli ili kuulinda. Uamshe bila kuusogeza: lala chali, kunja goti, kandamiza kisigino sakafuni kwa sekunde 10, pumzika, rudia mara 10. Kila siku sogeza kisigino mbali kidogo na tako. Maumivu yasipite alama 3.

Kisha inua makalio kutoka sakafuni kwa miguu miwili, na baadaye kwa mguu mmoja. Wengi hukosea kwa kukunja goti sana, na kazi yote ikahamia kwenye makalio. Kisigino kikiwa mbali, ndipo nyama za nyuma ya paja zinapobeba.

Ishara ya mafanikio: kisigino kikiwa juu ya stuli yenye urefu wa takriban sentimita 60 na goti likiwa limekunjwa kidogo tu, unainua makalio kwa mguu ulioumia angalau mara 20 bila maumivu. Lenga 25 au zaidi kabla ya kufika Hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Fundisha kuvuta huku ukirefuka

Mazoezi matatu yafuatayo yalipangwa na Carl Askling wa Sweden. Mwaka 2013 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wachezaji mpira 75 walioumia: waliofanya mazoezi ya kurefusha msuli ukiwa kazini walirudi baada ya wastani wa siku 28, na waliofanya mazoezi ya kawaida walirudi baada ya siku 51. Wote walianza siku ya tano baada ya kuumia.

La kunyoosha goti. Lala chali, shika paja likiwa wima, nyoosha goti polepole na usimame kabla tu ya maumivu. Fanya seti 3 za mara 12, mara mbili kwa siku.

La kupiga mbizi. Simama kwa mguu ulioumia, goti likiwa limekunjwa kidogo. Inama mbele ukinyoosha mikono kama anayejitupa majini, huku mguu mwingine ukienda nyuma. Nyonga zote mbili zielekee chini. Ukiacha moja ifunguke ubavuni, msuli unakwepa kazi. Seti 3 za mara 6, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

La kuteleza. Shika meza. Weka uzito wote kwenye kisigino cha mguu ulioumia ulio mbele, kisha acha mguu wa nyuma wenye soksi uteleze kurudi nyuma. Simama kabla ya maumivu, na urudi juu kwa nguvu ya mikono pekee. Seti 3 za mara 4, kila siku ya tatu. Hili ndilo zito kuliko yote, na kuliongeza idadi kwa sababu linaonekana jepesi ni kosa ninalolisikia kila mara.

Endelea kwa kuongeza umbali na kasi, wala si maumivu. Mazoezi haya hayapaswi kuuma kabisa.

Ishara ya mafanikio: kipimo cha pembe cha Hatua ya 4 kinatofautiana kwa nyuzi zisizozidi 10 kati ya mguu na mguu, na kubonyeza hakuumi.

## Hatua ya 7: Zoezi la Nordiki

Piga magoti juu ya taulo, mwenzako akikandamiza vifundo vyako chini. Kiwiliwili kikiwa kimenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, jiachie kuelekea mbele polepole kadiri uwezavyo, na utakaposhindwa jipokee kwa mikono. Jisukume urudi juu kwa mikono; kazi ya zoezi hili iko katika kushuka.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuvunja kiuno, makalio yakabaki nyuma kama mtu anayerukuu, hapo breki inatoka kwenye msuli na kwenda mgongoni. La pili ni kuanguka kama gogo. Ikiwa unaanguka mapema, simama nusu ya njia na ushikilie sekunde 2 kabla ya kuachia.

Mpango huu wa wiki 10 ulijaribiwa Denmark kwa wachezaji 942 na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Kundi lililoufuata lilipata majeraha 15 ya ghafla ya nyuma ya paja, na kundi lisiloufuata lilipata 52.

- Wiki ya 1: kipindi kimoja, seti 2 za mara 5.
- Wiki ya 2: vipindi 2, seti 2 za mara 6.
- Wiki ya 3: vipindi 3, seti 3 za mara 6 hadi 8.
- Wiki ya 4: vipindi 3, seti 3 za mara 8 hadi 10.
- Wiki ya 5 hadi ya 10: vipindi 3, seti za mara 12, 10 na 8.

Katika wiki mbili za mwanzo misuli itauma kesho yake kwa namna ya uchovu, miguu yote miwili sawa. Hilo ni la kawaida. Maumivu yanayochoma mahali pamoja palepale palipochanika si ya kawaida. Rudi Hatua ya 6. Usifanye zoezi hili siku moja kabla ya mechi.

## Hatua ya 8: Mbio

Huna haja ya kumaliza wiki 10 za Nordiki ndipo ukimbie. Mchakamchaka unaweza kuanza ukiwa bado Hatua ya 6, mradi hakuna maumivu. Kasi ndiyo inayosubiri.

Pasha mwili moto kwa dakika 15, kisha gawa uwanja: mita 20 za kuongeza kasi, mita 40 za kuishikilia, mita 20 za kupunguza taratibu. Anza kwa nusu ya kasi yako, mara 6. Kimbia siku moja, pumzika inayofuata. Ukiamka asubuhi ya pili bila msuli kukakamaa upya, panda hadi asilimia 60, kisha 70, na kuendelea. Kuanzia asilimia 80 panda nusu nusu, yaani tano tano, kwa kuwa mzigo wa ile breki hupanda haraka sana karibu na kasi ya mwisho. Asilimia 90 hadi 100 ndipo wengi walipochanika mara ya pili, na walifika hapo kwa siku moja.

Umbali wa kupata kasi ufupishe baadaye, usiufupishe mwanzoni. Kuchomoka ghafla ni kugumu kuliko kukimbia kasi ile ile uliyoifikia pole pole. Mwisho ongeza kugeuka, kupiga mpira mrefu, na kukimbia ukiwa umechoka.

Jaribio la mwisho kabla ya mechi: lala chali, goti la mguu ulioumia likiwa limezungushiwa kadibodi na bendeji lisikunjike, mwenzako akibana paja la pili chini. Rusha mguu ulionyooka juu kwa kasi yote uliyo nayo, mara 3. Usiangalie maumivu tu. Ukihisi wasiwasi, ukajikuta unaushika mguu kabla haujafika juu, bado hujawa tayari. Rudi kwenye mbio na mazoezi ya Hatua ya 6 kwa siku nne au tano, kisha ujaribu tena.

Ukishacheza, bakiza kipindi kimoja cha Nordiki kila wiki msimu mzima, na angalau mara moja kwa wiki kimbia kwa kasi kamili mazoezini, ukiwa hujachoka, ili msuli usikutane na kasi hiyo kwa mara ya kwanza siku ya mechi.